Kagua shaba ukitilia shaka bodi za jipsamu
Anayehamia nyumba mpya Arusha au Moshi yenye bodi za jipsamu kutoka nje, akasikia harufu ya yai viza isiyoisha hata choo kikiwa safi, amwite fundi umeme azime meni swichi na kufungua soketi za vyumba mbalimbali. Ncha za shaba zilizofunikwa na weusi kama masizi katika soketi nyingi huashiria gesi za salfa, kama zile zilizotoka kwenye baadhi ya bodi za China zilizofungwa Marekani miaka ya 2000. Ikiwa ni soketi moja tu, huenda waya umelegea na kuungua. Kupaka rangi upya hakuondoi chanzo. Madirisha yafunguliwe, hata katika baridi ya Julai, na risiti ya bodi itunzwe.