Jinsi ya kupromoti gemu ya episodi kabla haijatoka, hatua kwa hatua

Hii ni kwa studio ndogo, watu wawili watatu hivi, mnatengeneza gemu ya advencha itakayotoka kwa episodi, yaani stori moja kwa vipande vinavyofuatana, na hamna hela ya matangazo. Kitu kimoja mkielewe kwanza: kumvutia mchezaji na stori sio kazi kubwa sana, kazi ni kumfanya aamini mtaimaliza, maana watu washaumizwa. Half-Life 2: Episode Two ilitoka 2007 ikaacha stori inaning'inia na episodi ya tatu haikuja. Studio ya Telltale Games walipoachisha kazi karibu watu wao wote 2018 msimu wa mwisho wa The Walking Dead ulikuwa katikati, ikabidi kampuni nyingine, Skybound, waingie kuumalizia. Sasa mtu akiona neno episodi kwenye gemu yenu anajiuliza, je hawa watafika mwisho?

Hatua ya 1: msitaje tarehe mapema

Tarehe ya episodi ya kwanza isitajwe mpaka ya pili iwe inachezeka mwanzo mwisho, hata kama michoro bado mibovu na sauti hazijaingia. Najua inauma kukaa kimya wakati mna kitu kizuri mkononi, lakini ya kwanza ikishatoka mnaanza kurekebisha bagi (hitilafu za gemu), kujibu watu, kutengeneza apdeti, na muda wa kutengeneza ya pili unaisha hivihivi. Life is Strange ilianza Januari 2015 na episodi zote tano zikawa zimetoka kufikia Oktoba mwaka huohuo, mwendo wa namna hiyo mchezaji anauvumilia. Kentucky Route Zero ilianza 2013 ikamaliza 2020, ni gemu nzuri sana na naipenda, ila studio isiyojulikana isitegemee uvumilivu wa miaka saba.

Hatua ya 2: fungueni ukurasa wa Steam

Steam ni duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Unalipia dola 100 kwa kila gemu, na kuna siku 30 za kusubiri tangu ulipe mpaka uruhusiwe kuitoa. Ukurasa wa "inakuja hivi karibuni" lazima ukae hewani angalau wiki mbili, ila wiki mbili ni kidogo mno, fungueni miezi mingi kabla ili watu waiweke kwenye wishilisti (orodha ya gemu wanazozitaka), kwa sababu siku gemu ikitoka Steam yenyewe inawatumia hao watu imeili. Kila posti, kila klipu, kila mahojiano yaishie kwenye linki ya huo ukurasa, msiwagawe watu sehemu tano tano.

Na juu kabisa kwenye maelezo andikeni episodi ziko ngapi na mtu akinunua leo anapata zote au atalipia kila moja, hili msilifiche kabisa.

Hatua ya 3: maelezo mafupi na picha ya jalada

"Gemu ya stori nzito yenye maamuzi magumu" haimwambii mtu kitu, kila mtu anaandika hivyo. Linganisha na hii: "Dada yako aliacha ujumbe wa sauti kabla ya kupotea, na kila usiku ukiusikiliza, maneno yanabadilika." Hapo mtu anataka kujua. Picha ya jalada ipunguzeni mpaka iwe ndogo kama kidole gumba, kama jina halisomeki na sura ya mhusika haionekani, rudini kwa mchoraji.

Hatua ya 4: trela

Msianze na nembo ya studio. Anzeni ndani ya gemu, mhusika kashika kitasa, upande wa pili mtu analia, chaguo mbili zinatokea kwenye skrini na muda unakimbia, halafu kata kabla hajachagua. Dakika moja inatosha.

Hatua ya 5: demo na Steam Next Fest

Demo ni kipande cha gemu cha kujaribu bure, na Next Fest ni tamasha la Steam la demo za gemu ambazo hazijatoka. Tamasha hili linafanyika mara kadhaa kwa mwaka lakini gemu moja inaruhusiwa kushiriki mara moja tu, kwa hiyo msiingie na demo mbichi, subirini tamasha la mwisho kabla gemu yenu haijatoka. Demo isiwe episodi nzima, ikatike kwenye uamuzi mzito, na mwisho wake kuwe na kitufe cha wishilisti.

Hatua ya 6: mastrima na waandishi

Mastrima ni wale wanaocheza gemu laivu mtandaoni watu wakitazama. Wapelekeeni wao na waandishi kodi za gemu (namba za kuifungua bila kulipa) wiki moja mbili kabla, pamoja na folda moja yenye skrinishoti, trela na maelezo ya ukurasa mmoja. Gemu ya stori ina hatari yake, mtu akiitazama yote kwa strima anaweza asinunue, kwa hiyo waombeni kwa heshima waishie sehemu fulani. Pia wekeni asilimia za wachezaji waliochagua nini mwisho wa episodi, kama Telltale walivyofanya, hiyo inawapa watu cha kubishania mpaka episodi inayofuata.

Hatua ya 7: katikati ya episodi

Toeni ripoti fupi kila mwezi, kipi kimekamilika, kipi bado, na picha moja ya kitu kipya. Mkiona mtachelewa semeni kabla tarehe haijafika, sio siku yenyewe usiku, mtaje sababu halisi, na tarehe mpya msiitoe mpaka episodi iwe imeshaingia kwa wanaoijaribu.