Namna ya Kukiokoa Chama cha Wakenya Ughaibuni Matokeo ya Urais Yanapopingwa

Mwongozo huu ninawaandikia makatibu, wenyeviti na waweka hazina wa vyama vya kusaidiana vya Wakenya waishio nje ya nchi, hasa vile ambavyo watu wa Kisii, Kiambu, Siaya, Kericho na Mombasa wamo katika kikundi kimoja cha WhatsApp na wanachangia hazina moja ya misiba. Nimekuwa katibu wa chama cha namna hiyo upande wa Brooklyn Park, katika vitongoji vya Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, na nimekiona kikipasuka mwaka 2017 na kunusurika kupasuka tena mwaka 2022. Mengi ya yaliyomo humu tuliyajua baada ya kukosea, na baadhi ya makosa yalikuwa yangu mwenyewe.

Anza kwa kuacha jambo moja: usijaribu kuwapatanisha wanachama kuhusu nani alishinda. Chama hakina mawakala vituoni, hakina majaji, na kauli yake haiongezi wala kupunguza kura hata moja kule nyumbani. Kazi ya uongozi ni kuhakikisha kwamba aliyeshangilia matokeo na aliyeyakataa wote wawili wanalipa ada ya mwezi ujao, na kwamba mmoja wao akifiwa, mwingine atafika matangani. Mkutano wa upatanisho unaoitishwa kwa nia ya kutoka na tamko la pamoja kuhusu uchaguzi mara nyingi huishia kwa watu kuhesabiana makosa ya tangu mwaka 2007, na wengine hawarudi tena.

Jua kila upande unasimama wapi

Kiongozi asiyeijua historia hii vizuri atamwona anayekataa matokeo kuwa mkaidi, au anayeyakubali kuwa msaliti, na wanachama watamsoma usoni kabla hajafungua kinywa. Mwaka 2017 tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi wa uchaguzi wa tarehe 8 Agosti kwa asilimia 54.27 ya kura. Waliopinga waliambiwa wasonge mbele na maisha. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikafuta matokeo hayo kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, na marudio yakafanyika tarehe 26 Oktoba bila ya mpinzani wake mkuu, hayati Raila Odinga, aliyesusia. Mwaka 2022 mambo yakageuka. Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa IEBC, hayati Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kuwa amepata kura 7,176,141 dhidi ya kura 6,942,930 za Raila, huku makamishna wanne kati ya saba wakijitenga na hesabu hiyo mbele ya wanahabari, na tarehe 5 Septemba mahakama iyo hiyo, sasa chini ya Martha Koome, ikayathibitisha matokeo kwa kauli moja.

Kwa hiyo katika chama chako kila mtu ana hukumu yake mfukoni. Anayekataa anakumbuka kwamba mwaka 2017 waliokataa walionekana kuwa na hoja. Anayekubali anakumbuka kwamba mwaka 2022 tuhuma zote zilifika mahakamani na zikaanguka. Wote wawili wanasema kweli, na ukilitambua hilo waziwazi katika mkutano, kwa tarehe zake na bila kuongeza chumvi, sauti hushuka.

Lipo pia suala la maneno. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa kutambua, kukubali na kuridhika ni vitu vitatu mbalimbali. Mtu anaweza kutambua kwamba fulani ametangazwa na ameapishwa, akakubali kwamba mahakama ndiyo yenye neno la mwisho, na bado asiridhike hadi kaburini. Usimdai mwanachama yeyote kuridhika. Hata kukubali usimdai. Kwa kazi za chama, kutambua kunatosha.

Siku ya kutangazwa

Nairobi iko mbele yetu kwa saa nane wakati wa kiangazi. Jumatatu ile ya mwaka 2022 matokeo yaliposomwa jioni Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura, huku kwetu ilikuwa asubuhi ya kazi, watu wakiwa wametoka zamu ya usiku katika nyumba za kutunzia wazee, hawajalala na hawajala. Mimi, kwa furaha ambayo sitaki kuitetea, niliandika neno moja tu katika kikundi cha chama: "Hongera." Nililitia na bendera. Kabla ya adhuhuri watu kumi na mmoja walikuwa wamejitoa, akiwemo mweka hazina, ambaye ndiye aliyekuwa na kadi ya benki. Baadhi yao hawakuwa na hasira na mshindi. Hasira yao ilikuwa kwamba katibu, aliyekuwa akiwapa taarifa za misiba kwa niaba ya wote, alikuwa amesema kwa niaba ya wote.

Tangu hapo tuna utaratibu ambao ninaupendekeza kwa kila chama. Siku mbili kabla ya uchaguzi, kikundi cha chama hufungwa ili wasimamizi pekee ndio waweze kuandika, na wasimamizi hao huandika mambo matatu tu: misiba, magonjwa na mikutano. Kifungo hicho hutangazwa mapema na tarehe ya kufunguliwa hutajwa, kwa maana kufungia watu midomo bila kuwaambia mwisho wake kunazaa kikundi kingine kabla ya jua kutua. Anayetaka kujadili siasa aachiwe kikundi cha pembeni kisicho na jina la chama wala nembo yake, na kiongozi wa chama asiwe msimamizi wake. Chama kisitume pongezi kwa yeyote, wala rambirambi za kisiasa, wala barua kwa ubalozi kuhusu matokeo. Mwenyekiti akialikwa kwenye sherehe ya kumlaki rais wa Kenya anapozuru, na aende kama raia, kwa jina lake mwenyewe na kwa nauli yake.

Siku ishirini na moja za kungoja

Katiba ya mwaka 2010 inatoa siku saba baada ya kutangazwa kwa matokeo ili mtu awasilishe ombi la kuyapinga, na siku kumi na nne baada ya hapo Mahakama ya Juu iwe imeamua. Wiki hizi tatu ndizo zinazoua vyama, kwa sababu kila mtu ana muda wa kuwa jaji. Mwaka 2022 tume iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,229 hadharani kwenye tovuti, jambo jema sana kwa uwazi, lakini jambo lililofanya nusu ya wanachama wetu kuwa wahasibu wa usiku. Mzee mmoja alijumlisha fomu kwa siku nne kwenye kompyuta ya mwanawe na akaja mkutanoni na jedwali lililochapishwa kurasa tisini. Jumla yake haikufanana na ya tume, na haikufanana na ya mwanachama mwingine aliyekuwa amefanya kazi iyo hiyo kwa ajili ya upande wa pili.

Mtu wa namna hiyo usimcheke wala usimnyamazishe. Mwombe kwa adabu aeleze mambo ambayo mhasibu yeyote angeulizwa: Mzee, umejumlisha fomu ngapi kati ya 46,229? Zile ulizoziacha ni za wapi? Na hizi ulizotumiwa kwa simu, umezilinganisha na zilizo kwenye tovuti ya tume? Lipo pia jaribio dogo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya akiwa jikoni kwake. Kituo kimoja cha kupigia kura hakikuandikisha zaidi ya watu 700, kwa hiyo fomu ya kituo kimoja yenye kura 1,800 za mgombea mmoja ama imeghushiwa ama si Fomu 34A bali ni ya eneo kubwa zaidi. Tulipolisema hilo mara moja kwa sauti ya kawaida, picha kadhaa zilizokuwa zikizunguka ziliondolewa na wenyewe waliozileta, bila mtu kuaibishwa.

Kuna ukweli mmoja zaidi ambao husaidia kupunguza joto ukisemwa kwa upole, na huongeza joto ukisemwa kwa kejeli. Wengi wa tuliokuwa tukigombana hatukupiga kura. Mwaka 2022 Wakenya walioandikishwa nje ya nchi walikuwa kama 10,400 kati ya zaidi ya milioni 22, na kwa Marekani nzima vituo vilikuwa New York, Washington na Los Angeles pekee. Kutoka Minnesota hakuna hata kimoja kilicho chini ya kilomita 1,500 kwa barabara. Mimi humalizia kwa kusema kwamba kudai vituo zaidi ni jambo ambalo pande zote mbili zinaweza kulitia sahihi, na ndiyo barua ya pekee ya uchaguzi ambayo chama chetu kimewahi kuiandika.

Msiba ukitokea katikati

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie zaidi, kwa kuwa mengine yote yanaweza kusubiri lakini maiti haisubiri. Katika juma la pili la kungoja hukumu tulifiwa. Kulikuwa na mwili wa kusafirishwa nyumbani, tikiti za wasindikizaji na gharama za mochari, na michango haikuja. Nilipompigia simu mzee mmoja ambaye hajawahi kukosa kuchanga, alinijibu hivi: "Ndugu katibu, mimi fungu langu nitalipeleka mwenyewe kwa mjane, mkono kwa mkono. Kwenye hiyo akaunti yenu siweki kitu."

Nilimfikiria vibaya kwa siku mbili nzima, hadi nilipoelewa alichokuwa akiniambia. Hakumkataa marehemu. Alikuwa amekaa majuma mawili akiamini kwamba kuna mtu aliyehesabu vibaya huko Nairobi, na sasa alikuwa akituangalia sisi tunaohesabu hapa, wa upande ule, na hakuona kwa nini atuamini. Shaka ya kura ilikuwa imehamia kwenye sanduku la rambirambi.

Dawa tuliyoipata tuliiazima kutoka kwenye ugomvi wenyewe. Tulianza kubandika orodha ya michango kila jioni kama fomu ya kituo: jina la mchangaji, kiasi, saa ya kupokelewa, jumla ya jana, jumla ya leo, na chini yake sahihi za watu wawili wanaojulikana na wote kuwa ni wa mirengo tofauti. Picha ya karatasi ile iliyoandikwa kwa mkono, pamoja na makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja ili yasomeke, ilifanya kazi ambayo hotuba tatu za mwenyekiti hazikuweza. Yule mzee alileta fungu lake siku ya tatu na akaomba awe mmoja wa wanaotia sahihi. Mwili ulisafiri.

Kwa chama ambacho hakijafikwa bado, ni bora kubadili mfumo kabla: ada ya misiba ilipwe mapema kila robo ya mwaka badala ya kuchangishwa mtu anapokufa, kiasi cha kutolewa kwa kila msiba kiandikwe katika katiba ya chama, na akaunti iwe na watia sahihi watatu ambao wawili kati yao lazima wakubaliane. Benki haijali mirengo, lakini inajali majina yaliyo kwenye fomu yake. Majina hayo msiyaache kwa watu wa kabila moja au wa kanisa moja hata kama wote ni waaminifu.

Maneno yanayotoa watu nje

Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na miongoni mwake lilikuwamo "madoadoa", jina la kuwadharau watu wa makabila mengine wanaoishi katika eneo, ambalo kwa mtu wa Bonde la Ufa linakumbusha nyumba zilizochomwa baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Tengenezeni orodha yenu fupi, kwa kuwauliza wanachama faraghani ni neno gani likisemwa mezani wao huinuka. Mtashangaa: kwetu neno lililoumiza zaidi halikuwa tusi la kikabila bali "kubalini yaishe". Yeyote atakayelitumia neno lililo katika orodha aambiwe na mtu wa upande wake mwenyewe, kwa simu, si mbele za watu. Akirudia mara ya tatu, kanuni ya faini ifuate mkondo wake.

Kuhusu waliojitoa, msiwafuate kwa kundi. Apelekwe mtu mmoja, mwenye umri unaoheshimika, aende na habari ya kawaida kama vile harusi au mtoto aliyehitimu, asitaje uchaguzi isipokuwa mwenye nyumba autaje kwanza. Ada waliyokuwa wamelipa ihesabiwe kuwa hai. Mimi ilinibidi niende mwenyewe kwa mweka hazina wetu, na chai ilinywewa mara mbili kabla hatujafika kwenye lile neno langu moja na bendera yake.

Kalenda ya mwaka 2027

Katiba ya Kenya inaweka uchaguzi katika Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. IEBC ina siku saba za kutangaza, kwa hiyo matokeo yanaweza kuja hadi tarehe 17. Ombi la kupinga hadi tarehe 24. Hukumu hadi tarehe 7 Septemba. Hukumu ya mwaka 2022 ilisomwa mchana wa Nairobi, ambao kwetu ulikuwa alfajiri ya siku ile ile ya mapumziko ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, tuliyokuwa tumepanga mchezo wa mpira na nyama choma, na nyama ile ililiwa na watu tisa. Mwaka 2027 sikukuu hiyo inaangukia tarehe 6 Septemba, siku moja kabla ya mwisho wa kungoja. Kamati yetu imekwisha kuisogeza nyama choma hadi Jumamosi ya tarehe 18, na mkutano mkuu wa kuwachagua watia sahihi wapya wa benki umewekwa mwezi Mei, kabla kampeni hazijapamba moto.