Kumfundisha Kiingereza mtandaoni mtoto wa Japani ukiwa Mombasa: dakika 25 za kwanza

1. Saa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, mwaka mzima. Mtoto akishatoka shule, saa kumi jioni ya Tokyo, hapa ni saa nne asubuhi. Ukimwandikia mzazi, andika 16:00 Tokyo. Saa zetu za Kiswahili zitawapotezeni somo.

2. Chumba. Zima pangaboi. Upepo wake ukipiga maikrofoni, mtoto hasikii mwisho wa neno, na mwisho wa neno ndiyo kazi yenyewe. Weka simu yenye bando karibu, stima ikipotea uhamie huko.

3. Maneno matano tu. Japani, Kiingereza ni somo rasmi darasa la 5 na la 6 tangu 2020, kwa hivyo mtoto wa miaka saba huenda hajui hata herufi. Usianze na ABC. Shika vitu vyenyewe karibu na mdomo wako: pen, cup, hat, book, bag.

4. Mwisho wa neno. Hapa tumia dakika kumi nzima. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda neno liishie kwa irabu: sisi twasema begi, wao baggu. Ila wao wana maneno yanayoishia kwa n, ndiyo maana pen hutangulia. Mtoto ataliweza na kupata moyo. Kisha cup. Litamke huku ukipiga kofi moja tu kwa viganja vyako. Yeye huenda akapiga matatu, ka-p-pu, kwa kuwa ndivyo anavyolisikia. Usimwambie amekosea. Sema cup, funga midomo kwenye p, ubaki umeifunga mpaka uhesabu mbili kimoyomoyo. Mwache aione kwenye kamera, naye afunge yake. Bag liwe la mwisho, maana g ni ngumu, na mwalimu akilikazania mno hutamka bagi mwenyewe. Jirekodi kabla ya somo usikilize.

Tofauti ya l na r iache kabisa mwezi wa kwanza.

5. Mchezo. Ficha kitu kikapuni, uliza: “Is it a cup?” Akinyamaza, subiri sekunde tano, anafikiri. Mzazi aombwe mapema, kwa adabu, asimnong'oneze jibu.

6. Dakika tatu za mwisho. Mtoto alete kitu chake, afiche yeye, aulize yeye. Akiuliza bila kusaidiwa, somo lijalo ongeza maneno matatu. Asipoweza, rudia yale yale matano.