Kabla hujapima mkondo wa umeme: weka sawa kichwa, kisha waya

Kabla hujagusa swichi, chukua daftari uandike unachotarajia. Mkondo ukipimwa kabla ya balbu na baada ya balbu, namba itakuwa ile ile au itapungua? Wengi huandika itapungua, kwa kuwa tumezoea kusema balbu "inakula" umeme. Inachokula ni nishati. Elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba umeme, zinazoingia upande mmoja zinatoka upande wa pili kwa idadi ile ile, na wala betri haizitengenezi: zilikuwemo ndani ya shaba tangu waya uko dukani. Betri kazi yake ni kusukuma.

Zinavyojongea polepole ndiko kunakoshangaza. Kwenye waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba, mkondo wa ampea 1 hupitisha elektroni zaidi ya bilioni sita mara bilioni kila sekunde, ilhali msafara wenyewe husogea kama sentimita 26 kwa saa. Konokono anauacha nyuma. Balbu huwaka papo hapo kwa sababu waya umejaa elektroni tayari, kama mpira wa kumwagilia uliojaa maji: fungua bomba, na maji ya mwisho wa mpira yanatoka hapo hapo.

Sasa meza. Betri mbili za tochi, balbu mbili za tochi, swichi, waya, multimita (mita ya kupimia mkondo na volti). Kama waya umepakwa vanishi, parua ncha kwa wembe mpaka shaba ing'ae. Viungio vilivyolegea vimeharibu majaribio mengi kuliko hesabu mbovu. Soketi ya ukutani iache kabisa, volti 230 si za kujifunzia.

Ukiweka balbu mbili sambamba, kila moja kwenye tawi lake la waya, jumla ya mikondo ya matawi lazima iwe sawa na mkondo mkuu. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff aliiandika kanuni hiyo mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi huko Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi). Fikiria kinyume chake: elektroni zingelundikana kwenye kiungio, na lundo hilo lingezisukuma nyuma zinazofuata mpaka mambo yasawazike. Kufumba na kufumbua yameshasawazika, ndiyo maana huoni lolote.

Lakini jiandae kupata tawi moja ampea 0.26, jingine 0.23, na mkondo mkuu 0.50. Usipike data! Multimita ina ukinzani wake, yaani nayo huuzuia mkondo kidogo, kwa hiyo kila unapoihamisha unaibadilisha saketi kidogo. Betri nazo zinachoka, na tarakimu ya mwisho ya mita za bei nafuu haiaminiki sana. Iache mita kwenye kiwango kimoja, cha ampea 10, kwa vipimo vyote vitatu, na funga swichi kwa sekunde chache tu.

Jambo la mwisho nimelilipia mwenyewe. Multimita inayopima mkondo hukaa ndani ya njia: unakata saketi na kuiingiza hapo katikati. Mimi nilimaliza kupima miliampea, nikasahau waya mwekundu kwenye tundu lile lile la mkondo, kisha nikagusisha ncha zote mbili kwenye betri ya pikipiki nijue volti zake. Fyuzi ya multimita ikaenda. Kwa hiyo hamisha waya mwekundu kwanza, ndipo uzungushe kitufe, na fyuzi ya akiba iwe mezani kabla hujaanza.