Kabla hujapanda ndege ukawaachia wapangaji nyumba

Nyumba yangu ya kupangisha iko Kinyerezi, Dar es Salaam, na mimi nafanya kazi Muscat. Tunapishana saa moja tu, kwa hiyo mpangaji akipiga usiku kwamba bomba limepasuka hunikuta sijalala. Shida ni kwamba miaka ya mwanzo nilikuwa namsikiliza bila kujua anazungumzia bomba lipi. Wengi wetu tukiwa likizo tunahangaika kutafuta mtu mwaminifu wa kumwachia nyumba. Mtafute, ila kwanza ijue nyumba yako mwenyewe, maana hata ndugu mwaminifu kabisa atayumbishwa na fundi asipojua nini kimefukiwa wapi.

Anza na maji. Lifuate bomba kutoka kwenye mita hadi kwenye simtanki, na kutoka hapo hadi kila choo. Funga koki moja moja, uone ni wapi maji yanakatika, kisha andika ukutani kwa rangi: JIKONI, CHOO CHA NYUMA. Koki iliyokaa miaka bila kuguswa hukwama, na ni afadhali ivunjike mkononi mwa fundi ukiwa umesimama hapo kuliko mkononi mwa mpangaji usiku wa manane. Kama unabadilisha marumaru za bafuni, piga picha ukuta ukiwa bado wazi, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa kando ya bomba.

Paa lilinigharimu zaidi kuliko kitu kingine chochote. Nilitumiwa picha ya doa la kahawia kwenye jipsamu ya sebuleni. Nikatuma hela, ubao ukabadilishwa na kupakwa rangi. Mvua iliyofuata doa likarudi palepale, nikatuma tena. Mara ya tatu ndipo nilipomwomba fundi apande ndani ya dari na simu yake. Kwenye picha nikaona mbao imelowa chini ya msumari mmoja wa bati, mpira wake umekatika. Nilinunua dari mara mbili kwa sababu ya msumari mmoja! Tangu siku hiyo sitoi hela kwa picha ya uharibifu peke yake. Nataka picha ya mahali maji yanapotokea. Na huwa namuuliza mpangaji: panalowa mvua ikinyesha tu, au hata siku za jua? Pakilowa siku za jua, muite fundi bomba.

Masika huanza Machi na vuli Oktoba, kwa hiyo bati na gata zikaguliwe Februari na Septemba. Shimo la choo nalo linyonywe kabla ya masika, kwani ardhi ikishashiba maji shimo halinywi tena.

Kwenye umeme, mpaka kwenye mita ni kazi ya TANESCO; baada ya mita ni yako. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ukiwa bado upo. Kisha mshike kila mpangaji mkono, umwonyeshe swichi kuu. Akisikia harufu ya waya kuungua azime kwanza, simu baadaye.

Sasa hela. Andikeni kwenye mkataba kiwango ambacho mpangaji anaweza kutengeneza bila kukuuliza, akatunza risiti na kukata kwenye kodi. Kwangu ni shilingi 50,000. Ikizidi hapo, fundi ananitumia orodha ya vifaa, napiga simu duka la vifaa vya ujenzi, nalipa kwa lipa namba yao, bodaboda anapeleka. Fundi namlipa ufundi tu, na kifaa kibovu alichokitoa kinabaki nyumbani hadi kikaguliwe.

Anayekagua asiwe ndiye aliyemleta fundi. Shemeji yangu ni mtu safi, lakini fundi aliyemchagua yeye mwenyewe atamwonea haya kumwambia kazi ni mbovu. Kwa hiyo fundi namtafuta mimi, shemeji anakwenda kufungua bomba na kutazama.

Usiwasahau walio ndani. Mpangaji wangu wa upande wa nyuma alikinga maji ya sinki kwa ndoo wiki kadhaa, kwa kuwa safari iliyotangulia nilichelewa kumjibu na akaona atanisumbua. Kabati lote la chini likaoza. Mpe namba mbili, yako na ya msimamizi, na umwahidi jibu siku ileile hata kama hela itachelewa. Fundi naye asiende kabla mpangaji hajaambiwa siku na saa.

Funguo za akiba za geti na za stoo ya vifaa mwachie msimamizi, kila moja na kibandiko chake, baada ya kuzijaribu kwenye kufuli mwenyewe.