Namna ya Kuitambua Sonona ya Mama Aliyejifungua

Anayetaka kuitambua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kwa mama aliyejifungua aanze kwa kuhesabu siku. Mnamo siku ya tatu au ya nne, akina mama wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja na hukasirika upesi. Hali hiyo huja wakati homoni za estrojeni na projesteroni, zilizopanda sana wakati wa ujauzito, zinaposhuka kwa ghafla, na kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya wiki 2 kutimia. Mama huyo anahitaji mapumziko na mtu wa kumpokea kazi. Huzuni inayovuka wiki 2, au inayozuka wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, yafaa ichunguzwe kama sonona.

Tatizo ni kwamba dalili nyingi za sonona hufanana na uchovu wa kawaida wa kulea mtoto mchanga. Kwa hiyo angalia jambo moja: mtoto anapolala, na yupo wa kumwangalia, je, mama naye hulala? Aliyechoka tu husinzia mara moja, ilhali mwenye sonona mara nyingi hukaa macho akisongwa na mawazo kwamba yeye ni mama asiyefaa, au huamka tena na tena kuhakikisha kwamba mtoto bado anapumua. Wala usingoje machozi. Wapo wanaoonyesha hasira tu, na wapo wanaomwogesha na kumnyonyesha mtoto bila kasoro huku hawahisi chochote moyoni. Hao wa mwisho, kwa maoni yangu, ndio wanaosahaulika zaidi.

Katika kumuuliza, usitegemee salamu, kwa kuwa "hujambo" hujibiwa "sijambo" hata na mgonjwa. Uliza kuhusu siku 7 zilizopita: je, ameweza kucheka, amejilaumu bila sababu, ameogopa pasipo kitu cha kuogopesha? Ndivyo linavyouliza dodoso la Edinburgh, orodha ya maswali ya kuchunguza sonona kwa mama aliyejifungua, lililochapishwa mwaka 1987, lenye maswali 10 na alama za juu 30. Alama nyingi humwelekeza mama kwa mtaalamu, lakini peke yake hazithibitishi ugonjwa. Swali lake la mwisho huhusu wazo la kujidhuru, nalo liulizwe waziwazi, kwani kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani.

Akijibu kwamba anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akianza kusikia sauti wasizozisikia wengine, kuchanganyikiwa, au kukesha usiku kadhaa bila kuonekana kuchoka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake na mtoto. Kusikia sauti, kuchanganyikiwa na kukesha huko huenda ni dalili za wazimu wa uzazi, ambao huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi katika wiki 2 za mwanzo.

Kwa akina mama wasio na dalili hizo za hatari, daktari kwa kawaida hupima pia damu na tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, maana upungufu wa damu na hitilafu za tezi hiyo huleta dalili zinazofanana na za sonona. Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Kunyonyesha si lazima kukome: sertralini, kwa mfano, ambayo ni dawa ya sonona, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na mama asiziache kwa sababu tu amepata ahueni, bali azipunguze kwa maelekezo ya daktari. Anayemsindikiza kliniki aandike mapema dalili alizoziona na tarehe zilipoanza, kwa sababu mama mwenyewe, akishafika mbele ya daktari, huenda akasema hajambo.