Jinsi ya kupima mwani wa msimu topeni, ukitokea Nairobi

Mwani wa topeni huja na kuondoka. Ukikuta zulia la kijani Februari kwenye ghuba ya Gazi, kisha Julai ukakuta tope tupu, usikimbilie kuandika kwamba mazingira yameharibika. Huenda ni kaskazi na kusi tu zimepishana. Ukilisahau hilo, vipimo vyote vinavyofuata ni kazi bure.

Vibali vianze mapema, ukiwa bado Nairobi. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Eneo likiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kama Mida kule Watamu, ulizia pia kibali cha ziada kwa KWS, shirika la wanyamapori. Ukifika pwani, nenda kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari hiyo ndogo. Wao ndio wanajua tope lipi linameza mtu.

Siku ichague kwa mwezi, si kwa wikendi. Tazama jedwali la maji la Kilindini, utafute bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji yakipwa chini ya mita 0.5. Pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia takriban saa nne hadi saa sita mchana. Uwe ukingoni muda wa saa mbili kabla ya kupwa kabisa, uyafuate maji yakitoka, na ugeuke mara yanapoanza kurudi. Bahari haikujii kwa mbele peke yake: hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako.

Fremu ya kuhesabia tengeneza nyumbani. Nunua hadiwea bomba la PVC la nusu inchi, zaidi kidogo ya mita 2, na elbo nne. Ndani iwe sentimita 50 kwa 50. Toboa matundu kila sentimita 10, pitisha nyuzi nne kila upande, upate vyumba 25. Kila kimoja ni asilimia 4. Matundu hayohayo huingiza maji, fremu isielee. Gundi tia kwenye elbo mbili zinazotazamana kwa mshazari tu, ili fremu igawanyike vipande viwili viingie kwenye begi. Nyuzi zifunge ukifika. Beba pia futi, yaani utepe wa kupimia, ya mita 50, ufito wenye alama za sentimita, na kibao cha plastiki kilichopigwa msasa cha kuandikia kwa penseli. Gambuti acha nyumbani, zikijaa tope hazing'oki. Raba za kamba za Gikomba zinatosha. Ukizama hadi gotini, usivute mguu juu: keti nyuma, uuzungushe taratibu utoke.

Tandaza futi kutoka ukingo wa mikoko kuelekea baharini. Weka fremu kila mita 5, kuanzia sifuri hadi 50, yaani mara 11. Ukiwa na mistari mitatu, iliyoachana angalau mita 20, una fremu 33. Tembea kushoto kwa futi, fremu ikae kulia, la sivyo utahesabu nyayo zako mwenyewe.

Katika kila fremu andika namba tatu: vyumba vyenye mwani uliojishika, vyenye mwani uliolala tu, na vyenye tope tupu. Hapa ndipo wengi hukosea. Inua mwani kwa vidole viwili. Kila aina ya mwani ina yake: Halimeda hutoka na kibonge cha tope kilichoshikwa na nyuzi zake, Caulerpa ina shina linalotambaa, na Ulva mara nyingi imeng'ang'ania gamba la kome au kijiwe. Gracilaria inaweza kuja mkononi bila kuacha kitu. Hiyo imelala, na kesho mkondo unaweza kuihamisha. Jani lenye mizizi halisi ni nyasi za bahari, lihesabiwe kando.

Chini ya rundo nene kwaruza tope kwa ukucha. Juu kuna utando wa kahawia, chini yake weusi unaonuka yai viza: hewa imekwisha. Pima weusi unaanzia kina gani. Mwani mwingi si dalili ya afya kila mara, hasa karibu na mifereji ya maji machafu.

Sampuli chukua chache. Zisuuze kwa maji ya bahari, kwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupasua seli za mwani mwekundu na rangi kumwagika. Zikandamize hukohuko pwani kati ya magazeti, juu yake kipande cha pazia jepesi visigandane. Nairobi ya Julai, yenye baridi na mawingu, hukausha polepole, kwa hiyo badilisha magazeti kila siku au ukungu utakutangulia. Zikikauka, zina pa kwenda: Herbaria ya Afrika Mashariki, hazina ya mimea iliyokaushwa, iko Makumbusho ya Taifa.

Rudi angalau mara nne kwa mwaka: kaskazi, masika, kusi na vuli, bamvua kwa bamvua. Kati ya safari tumia picha za bure za setilaiti za Sentinel-2. Setilaiti hizo hupita pwani yetu kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, na siku za bamvua tope huwa limeanza kufunuka. Picha hizo zilianza 2015 na hazitofautishi vizuri mwani na nyasi za bahari, basi fremu bado ina kazi.

Sasa hadhi ya uhifadhi, yaani zulia liko hatarini kiasi gani, utakayoijaza kwenye fomu ya tathmini. Vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, vya mifumo ikolojia huuliza, miongoni mwa mengine, eneo limepungua kiasi gani ndani ya miaka 50: kuanzia asilimia 30 ni VU (hatarini kiasi), 50 ni EN (hatarini), 80 ni CR (hatarini kabisa). Tuseme zulia la hekta 12 limebaki 7, msimu uleule. Hiyo ni asilimia 42, na inaelekea VU. Lakini kama rekodi yako ni ya miaka mitatu, andika DD, data pungufu, bila aibu. Orodha nyekundu ya mazingira ya Ulaya ya 2016 iliyaweka humo mengi ya baharini. Ukijaza VU kwa kulinganisha Februari na Julai, msomaji wa kwanza atakayeuliza tarehe atakurudishia fomu.